Skuli ya Kunong'ona

Kabla hajawa msafishaji wa ofisi za uwanja wa ndege, Mardhiya Faki alikuwa mwalimu. Alisomesha darasa la kwanza kwa miaka sita katika skuli moja ya Wete, Pemba, watoto sabini chumba kimoja, na sifa yake ilijulikana mji mzima: mtoto hatoki mkononi mwake hajui kusoma. Wazazi walimpelekea hata wale waliokwisha kukatiwa tamaa. Hakuwa mkali, wala hakuwa mpole. Alikuwa na subira ya mtu anayechambua mchele.

Mwaka 1996, baada ya mumewe Miraji kuachishwa kazi kwa mambo ya siasa za wakati ule, waliingia London na mtoto wa miaka miwili, Afra. Wakapata fleti ya chumba kimoja Hayes, juu ya duka la mapazia, mahali ambapo asubuhi hunuka kahawa ya kiwandani na ndege hupita chini mpaka vijiko vinalia kabatini. Miraji akapata kazi ya usiku kwenye jiko kubwa linalopakia vyakula vya abiria wa ndege. Mardhiya alipeleka cheti chake cha ualimu kikatazamwe. Barua iliyorudi ilikuwa ya adabu sana, na maana yake ni kwamba cheti kile hapa hakimfai kitu, akitaka aanze upya. Akakirudisha ndani ya bahasha, akachukua kazi ya ndoo na fagio, saa kumi alfajiri mpaka saa mbili asubuhi, mtoto akilala kwa jirani mpaka Miraji arudi.

Afra nyumbani alikuwa kasuku. Alikuwa akiamka anasema na akilala anasema, na alipokuwa hana wa kumwambia, aliziambia sahani. Kwa hiyo siku mwalimu wa skuli alipomwita Mardhiya, Novemba ya mwaka 1999, akamwambia kwamba mtoto huyu tangu Septemba hajatamka neno hata moja, Mardhiya alicheka.

"Afra? Afra wangu hasemi?"

Mwalimu hakucheka. Alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya uchovu. Akaeleza kwamba mtoto hajibu anapoitwa jina, haombi kwenda chooni, hacheki. Anakaa tu. Miezi miwili baadaye akaja mama mwengine wa idara ya elimu, mwenye faili, akamtazama Afra kwa nusu saa, akaandika kwamba tatizo ni lugha. Akashauri nyumbani waache kabisa kusema Kiswahili, kwani wanamchanganya mtoto.

Mardhiya, mwalimu mzima aliyefundisha mamia ya watoto, alikubali. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini. Jibu lilikuwa kwamba wale walikuwa na vyeti vinavyokubalika, na yeye chake kilikuwa ndani ya bahasha.

Basi mwaka mzima nyumba ile ikasema Kiingereza. Kiingereza cha Mardhiya kilikuwa cha vitabuni, na cha Miraji kilikuwa cha jikoni kazini: nyanyua, panga, haraka. Kula. Nawa mikono. Vaa viatu. Lala. Kilikuwa na amri tu, hakikuwa na hadithi. Miraji, ambaye kila jioni kabla ya kwenda kazini alikuwa akimtania mtoto mpaka anajikunja kwa kicheko, sasa alikaa mezani kama mgeni asiyejua adabu za nyumba. Afra naye akaanza kunyamaza nyumbani. Siku moja wanakula, Miraji akaunguza ulimi kwa mchuzi akapiga ukelele, "Mamaangu we!", na mtoto akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kuanzia jioni ile walirudi kwenye Kiswahili. Hakuna aliyeamua. Lakini Afra yule wa kuziambia sahani hakurudi tena. Aliyerudi alisema kwa sauti ya chini, na kwanza alitazama mlango.

Skuli wakamweka kwenye meza ya watoto wagumu wa kujifunza, apake rangi. Alikuwa na miaka saba na tayari alikuwa akimsomea mama yake barua za kaunsili, ile serikali ya mtaa.

* * *

Lililotokea lilitokea Jumanne moja ya Februari, mwaka 2002.

Mardhiya alifika kwenye lango la skuli saa tisa na robo kama kawaida. Watoto wakatoka, lango likabaki tupu, Afra hakuonekana. Akaingia ndani. Karani akamwambia pengine amechukuliwa na mzazi mwengine. Mzazi gani? Mardhiya hakuwa na rafiki hata mmoja pale. Wakatazama darasani, wakatazama vyooni. Mkoba wake ulikuwa unaning'inia mahali pake, na koti lake pia, na nje mvua ya barafu inanyesha.

Hapo Mardhiya akaanza kuita. Akapita ukumbi kwa ukumbi, sauti yake ile ya Wete iliyokuwa ikiwafikia watoto sabini, akiita, "Afra! Afra we! Mwanangu!" Walimu wakatoka milangoni. Mmoja akamshika mkono akamwomba atulie. Polisi wakapigiwa simu. Saa kumi na moja na nusu mhudumu wa majengo alirudi kufunga, akafungua stoo ya vifaa vya michezo kuweka ngazi yake, akamkuta mtoto amekaa juu ya magodoro ya mazoezi, ameshika magoti, sketi imerowa mkojo na imeanza kukauka. Alitumwa arudishe mipira saa nane. Mtu akapita, akaufunga mlango. Stoo ile ilikuwa hatua kumi kutoka ukumbi mkubwa.

Mwalimu mkuu aliomba radhi, na alikuwa mweupe kama chokaa. Lakini mwisho wa radhi yake akaongeza, "Hatuelewi kwa nini hakupiga kelele."

Mardhiya alimwosha mtoto kwa maji ya moto, akamvika, akamfunika mablanketi mawili. Kisha akamuuliza taratibu.

"Ulinisikia nikikuita?"

Afra akaitikia kwa kichwa.

"Mara ngapi?"

"Nyingi. Ulipita mlangoni. Niliona viatu vyako kwa chini."

"Basi mbona hukuniitika, mwanangu? Mie mama yako."

Mtoto akamtazama kama kwamba swali lenyewe ni la ajabu. "Ilikuwa ndani ya skuli," akasema.

Mardhiya akatoka, akaenda akakaa kwenye ngazi za nje, kwenye baridi, kanga begani. Alikaa mpaka Miraji akamfuata.

* * *

"Harudi," Mardhiya alisema. "Pale harudi tena."

"Tutamtafutia skuli nyengine."

"Skuli nyengine ina stoo nyengine. Nitamsomesha mwenyewe."

Miraji akakaa ngazi ya chini yake. Alikuwa mtu wa maneno machache na mwili mkubwa, mtu aliyezoea kubeba. "Mardhiya, siye hapa wageni. Karatasi zetu bado hazijakaa sawa. Ukimtoa mtoto skuli, wiki ijayo watagonga mlango. Watamchukua."

"Wamchukue wampeleke wapi? Stoo?"

"Mie sisemi hivyo." Kisha akasema lile ambalo pengine angetaka alirudishe. "Nasema ujiulize. Ni kwa ajili yake, au ni wewe umeuchoka ufagio unataka ubao wako?"

Mardhiya akainuka, akaingia ndani. Siku tatu hakumsemesha.

Aliyewatatulia ni yule jirani, Bi Geeta, mjane wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu na ambaye Kiswahili chake hakikuwa kimezeeka hata siku moja. Alikuja na bakuli la dengu, akasikiliza habari yote akiwa amesimama.

"Hapa shule si lazima," akasema. "Elimu ndiyo lazima. Sheria yao yenyewe inasema hivyo, mtoto asome shuleni au kwa njia nyingine. Mtoto wa dada yangu, Praful, walimpiga huko Southall mpaka jino likatoka. Dada yangu akaandika barua moja tu kwa headmaster. Moja! Akamfundisha nyumbani miaka miwili, hakuna polisi alikuja."

"Barua inasemaje?"

"Leta kalamu, dada."

Barua ya kumtoa Afra skuli ikawa ya mistari mitano. Mardhiya aliinakili mara nne mpaka mwandiko ukamridhisha, akaipeleka skuli.

Watu wakaanza kumpa sababu ambazo si zake. Maalim Abdulwakil, aliyekuwa akisomesha Kurani watoto wa Kizanzibari siku za Jumamosi, alimsimamisha mbele ya wanawake wote akamsifu: umefanya jambo kubwa, dada yangu, umemnusuru binti na uchafu wa skuli zao. Mardhiya akamwambia, "Maalim, sikumtoa kwa uchafu wala kwa dini. Mwanangu hasemi." Maalim akatabasamu, akasema kimya ni pambo la mwanamke. Afisa wa kaunsili naye, bwana mmoja mrefu aitwaye Lawrence, alipokuja kukagua alitazama rafu ya misahafu, akauliza kama uamuzi ule ni wa kidini. Ilikuwa ndiyo miezi ile baada ya mashambulizi ya Septemba kule Marekani, ambayo mtandio ulimfanya mtu atazamwe mara mbili ndani ya basi. Aliuliza mara ya pili kwa maneno mengine, na mara ya tatu akamuuliza Miraji, aliyekuwa ameamshwa usingizini na kukaa pale na fulana yake. Hakuna aliyeuliza kuhusu stoo. Ripoti ilipokuja ilisema masomo yanaridhisha.

* * *

Na yaliridhisha kweli. Mardhiya alirudi kutoka kazini saa tatu asubuhi, akavua koti, akanawa harufu ya dawa ya sakafu, na skuli ikaanza. Alipaka rangi nyeusi mlango wa ndani wa kabati ukawa ubao. Kadi za maneno zilikuwa maboksi ya nafaka yaliyokatwa. Hesabu zilianza kwa choroko, zikaenda kwa penseli. Alimfundisha Kiingereza, Kiswahili, hesabu, ramani, kushona, mimea iliyomea kando ya mfereji. Maktaba ilimpa vitabu sita kwa wiki na havikutosha.

Jambo moja tu lilikuwa na kasoro, na kwa muda mrefu hakuna aliyeliona kuwa kasoro. Miraji alirudi kutoka kazini saa moja asubuhi akalala chumbani, na chumba kilikuwa kimoja, na ukuta wake ulikuwa wa ubao. Kwa hiyo walisoma kwa kunong'ona. Mardhiya, mwenye sauti ya kufikia watoto sabini, alisomesha akiwa ameinamia meza, midomo karibu na sikio la mtoto, na mtoto akajibu kwa pumzi tu. Mashairi waliyasoma kwa kunong'ona. Jedwali la saba mara tisa lilinong'onwa. Siku za mapumziko ya Miraji, walipoweza kusema kwa sauti, waliendelea kunong'ona bila kujua.

Afra alinenepa. Ndoto mbaya zikapungua. Akaanza tena kucheka, kicheko cha bila sauti, mabega tu yakitikisika. Mardhiya akamwandikia dada yake Pemba kwamba Mola amemfungulia.

Mwaka 2004 ikafika zamu yao kwenye orodha ambayo daktari wa mtaa aliwaandikisha zamani hata wakasahau. Mtaalamu wa usemi alikuwa dada mmoja Mkenya, Mmeru, jina lake Gakii. Kwa wiki sita alikaa sakafuni na Afra wakicheza mchezo wa vipande vya picha, Mardhiya yupo pembeni, na hakumuuliza mtoto swali hata moja. Wiki ya sita Gakii alichukua kipande makusudi akakiweka pasipo pake. Afra akanong'ona, "Hicho hakikai hapo."

Mardhiya aliinua kichwa. Tangu waingie nchi ile, hilo lilikuwa neno la kwanza mwanawe kumwambia mtu wa nje.

Gakii alimweleza baada ya mtoto kutoka. "Mama Afra, huyu mtoto si bubu, na si mjinga, na si Kiswahili kilimharibu. Ni hofu. Akiwa mahali fulani, koo inafunga, hata akitaka. Inatibika. Lakini haitibiki nyumbani."

"Vipi haitibiki nyumbani? Nyumbani anasema."

"Ndiyo maana. Tutampeleka shule pole pole kama mtu anapanda ngazi. Kwanza mnaingia nyinyi wawili tu, jioni, watoto wameenda. Anakwambia wewe neno moja mle ndani. Wiki nyingine tunaacha mlango wazi. Halafu mwalimu anapita kwa mbali. Inaweza kuchukua mwaka, hata miwili. Shule iko moja ndogo, wako tayari. Lakini tusingoje. Wakikua, inakuwa ngumu."

"Nitafikiri," Mardhiya alisema.

Hakurudi. Barua ya kwanza ya Gakii akaiweka juu ya friji. Ya pili pia. Ya tatu ilipokuja, ikisema kwamba wasipojibu jina la mtoto litaondolewa kwenye orodha, Miraji alikuwa nyumbani. Mardhiya akaiingiza ndani ya kamusi kubwa, akamwambia ni tangazo la mapazia.

Alijiambia ni kwa sababu ya stoo, na hilo lilikuwa kweli. Kila alipofikiri kuingia tena kwenye ukumbi wa skuli, aliisikia sauti yake mwenyewe ikiita. Lakini ndani ya basi la alfajiri, kati ya wasafishaji wenzake waliosinzia, alijua kuna jengine. Kutoka saa tatu mpaka saa saba kila siku hakuwa Mardhiya wa ndoo. Alikuwa Mwalimu Mardhiya, na mwanafunzi wake alikuwa bora kuliko wote aliowahi kuwasomesha. Miraji alimwona mapema kuliko alivyojiona.

* * *

Miaka ikaenda. Afra akawa na miaka kumi na mbili, kumi na tatu. Akampita mama yake kwenye hesabu. Sasa Mardhiya alikaa mezani akimtazama tu akifanya mambo ambayo hakuyajua, akimpa alama kwa majibu ya mwisho wa kitabu. Dukani Afra alionyesha kwa kidole. Kwa Bi Geeta alipunga mkono tu. Wageni wakija aliingia chooni akafunga mlango. Mwisho ikawa anamnong'oneza mama yake, na kwa baba yake anaandika.

"Tunamfuga," Miraji alisema siku moja, Afra akiwa chooni amejificha kwa sababu ya mtu wa kusoma mita ya gesi. "Mwana wa mtu hafugwi, Mardhiya. Mie na wewe tutakufa. Nani atamsemea?"

"Bado mdogo."

"Ulisema hivyo mwaka juzi."

Akamshika bega mkewe, akaenda kulala. Alikuwa na miaka arobaini na tisa na alikuwa ameanza kupanda ngazi kwa kupumzika katikati.

Alhamisi moja ya Januari, mwaka 2008, Mardhiya aliombwa akamshikie mwenzake zamu ya mchana. Yaliyotokea nyumbani aliyajua baadaye, kwa sababu Afra aliyaandika. Aliandika ukurasa mmoja wa daftari, Kiswahili sanifu, mwandiko mzuri wa kulala kidogo, ule ule aliofundishwa.

*Saa nane kasorobo Baba aliamka akaenda jikoni kunywa maji. Nikasikia kishindo. Alikuwa amelala kifudifudi, anapumua kama anakoroma. Nilimgeuza. Nilichukua simu niite gari la wagonjwa, tisa tatu. Nilibonyeza tisa, nikabonyeza tisa. Ya tatu sikubonyeza kwa sababu nilijua wataniuliza. Nilimpigia Mama lakini simu yake ilikuwa imezimwa. Nilikwenda kugonga kwa Bi Geeta, hakuwepo. Nilishuka barabarani. Watu walipita. Bwana mmoja alisimama akaniuliza kama niko sawa. Nilifungua mdomo. Akangoja, akaenda zake. Nilirudi juu nikamshika Baba mkono. Nilimwambia maneno mengi. Kwa sauti. Sijui kama alisikia. Bi Geeta alirudi saa kumi na dakika tano. Nilimvuta nguo.*

Miraji alifariki jioni ile hospitali. Moyo. Mardhiya alimuuliza daktari kama angefikishwa mapema ingekuwaje. Daktari alikuwa mtu mwaminifu, akamtazama usoni. "Siwezi kukwambia ndiyo," akasema, "na siwezi kukwambia hapana."

Maalim Abdulwakil ndiye aliyekuja na wanaume, akamwosha maiti, akasimamia kila kitu hata kuchukua ruhusa kazini siku mbili, na hakusema neno lolote la mawaidha. Wanawake walijaa fletini na kanga zao. Afra alikaa katikati yao na hakuingia chooni. Walipomkumbatia alijiacha akumbatiwe, mikono imelegea. Wengine wakasema maskini, kimya kingi kina mshindo mkuu. Kila aliyemwambia ni kudra ya Mungu, Mardhiya aliitika ni kudra. Hakumwambia hata mmoja kwamba ndani ya kamusi kuna barua.

* * *

Eda yake haijaisha, alimpigia simu Gakii. Gakii alikuwa amerudi Kenya. Mahali pake alikuwepo mama mmoja wa makamo aitwaye Margaret, aliyesikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akasema watajaribu, lakini kwa umri huu asitarajie mengi kwa haraka.

Septemba Afra akaanza kwenda kwenye kituo kidogo cha watoto walioacha skuli, watoto wanne chumba kimoja. Wengine watatu walikuwa wa kupiga na kutukana. Miezi saba hakusema kitu pale. Mardhiya alikaa nje kwenye kiti cha plastiki wiki za mwanzo, mpaka Margaret, aliyekuwa akija pale kila wiki, akamwambia kwa upole arudi nyumbani, kuwapo kwake kunamfunga mtoto. Akarudi. Hakujua afanye nini na saa zile. Akaomba zamu ya pili ya kusafisha.

Aprili, kwenye daftari la mawasiliano ya kituo na nyumbani, Margaret aliandika mstari mmoja: leo Afra aliomba dirisha lifunguliwe. Mardhiya aliusoma mstari ule akiwa amesimama jikoni. Alitaka kumwambia mtu. Akaenda akagonga kwa Bi Geeta, na Bi Geeta alipofungua, Mardhiya akashindwa kuusoma, akampa daftari asome mwenyewe.

Jioni hiyo, baada ya kula, alimwambia Afra habari ya barua ya tatu. Aliisema yote, pamoja na tangazo la mapazia.

"Najua," Afra alisema. Sauti yake ilikuwa nene kuliko Mardhiya alivyoizoea. Alikuwa ameacha kunong'ona. "Niliiona ndani ya kamusi. Nilikuwa na miaka kumi."

"Uliisoma?"

"Yote. Nilifurahi. Sikutaka kwenda."

Mardhiya akahisi mzigo umemtoka kifuani. Afra akaona, akatikisa kichwa.

"Hapana, Mama. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Wewe ulikuwa mtu mzima."

Akainuka akaosha sahani yake, akaingia chumbani. Hakuufunga mlango, wala hakurudi.

Hawakugombana baada ya hapo. Waliishi kama watu wawili wanaoheshimiana. Afra alikuwa akizungumza kwa simu na msichana mmoja wa pale kituoni, kwa Kiingereza, dakika kumi, dakika ishirini, na Mardhiya akikaa upande wa pili wa ukuta wa ubao akisikiliza bila kuelewa kila neno. Alipoulizwa kwa Kiswahili, Afra alijibu kwa Kiingereza. Alijibu kwa adabu. Yeye ambaye aliandika ule ukurasa wa Kiswahili sanifu.

Mwisho wa mwaka 2009 alikuja mgeni. Mama wa Kikongo kutoka Tottenham, Angélique, alikuwa amepata namba ya Mardhiya kwa watu wa sokoni waliomwambia kuna mwanamke Hayes aliyemsomesha mtoto mwenyewe. Alipanda mabasi na treni kwa muda wa saa moja na nusu. Mtoto wake wa kike alikuwa anapigwa skuli kila wiki. Amechaniwa koti, amekatwa nywele kwa mkasi.

"Mama Afra, nakuja unipe akili," alisema, viatu vyake vimerowa, kikombe cha chai mikononi. "Nataka kumutoa. Wewe ulimutoa wako. Ilikuwa vizuri?"

Mardhiya alimsimulia yote: stoo, ubao wa kabati, Gakii, barua, Alhamisi ile. Ilikuwa mara ya kwanza kuisimulia yote kwa mtu mmoja. Chai ya mgeni ikapoa.

"Basi nisimutoe?" Angélique aliuliza.

"Pale nilipomtoa, hata leo ningemtoa. Kumtoa sikukosea." Mardhiya alitafuta maneno. "Nilikosea baadaye. Nilisahau kwamba nilimtoa ili apone. Nikadhani nimemtoa ili akae na mie."

Angélique aliitikia kwa kichwa taratibu, lakini uso wake ulionyesha kwamba alikuja kutafuta ndiyo au hapana, na hakupata.

"Yeye mwenyewe anasemaje?" Mardhiya akamuuliza.

"Nani?"

"Binti yako."

Angélique akatazama kikombe. "Sijamuuliza," akasema.

Mardhiya alimsindikiza mpaka kituo cha basi, akamwonyesha lipi litamfikisha steshini. Mvua ilikuwa imeanza tena na wote wawili walikuwa na zamu za alfajiri.